Mamba wa Ukurasa wa Sitini na Mbili

Haya yote ni kweli. Si kweli ya kuambiwa, ni kweli ya macho, na anayeandika yuko tayari kusimama mbele ya wanajumuiya wote wa Kitaji, mkono mmoja juu ya Biblia na mwingine juu ya jiwe la mizani la kilo ishirini, aape mpaka watu wachoke kusikiliza. Ukikuta humu neno moja la kuongezea, njoo udai jogoo.

Mzee Burito alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale Bunda. Alipima pamba miaka thelathini na mmoja na hakukosea hata gramu moja. Alipostaafu akahamia Musoma, mtaa wa Kitaji, kwa sababu mkewe Tabitha ni mtoto wa Makoko na alishasema hazeekei mahali ambapo ziwa linaletwa kwa dumu. Shule, mzee aliishia darasa la nne. Yaliyobaki alijisomea kwenye magazeti yaliyofungia sukari, ndiyo maana habari nyingi za dunia anazijua nusu. Nusu nyingine anajazia.

Uzeeni alikuwa na kazi moja tu, kusimulia. Kila jioni ugali ukishaliwa, Tabitha alivuta ungo wa mchele, na Burito alianza. Alisimulia sangara aliyemeza redio pale Ghuba ya Speke, wavuvi wakawa wanasikiliza taarifa ya habari kupitia tumboni mwake wiki nzima mpaka betri zikaisha. Alisimulia kiboko aliyekuja kuzima moto wa marobota ya pamba kwa kuutemea maji, halafu akadai posho. Tabitha alikuwa anachagua mawe kwenye mchele na kuitikia "ehe" kila panapotakiwa "ehe". Miaka arobaini na mmoja. Mzee hakuwa na ng'ombe wa kutisha wala nyumba ya kupangisha, ila alikuwa na ile ehe, na kwa hesabu zake ilitosha.

Halafu kikaja kitabu.

Kililetwa na Matrida, rafiki wa Tabitha tangu wakiwa na magoti ya vumbi. Ni mkunga mstaafu, sasa anafuga ng'ombe kwao Butiama. Alikuja mwezi wa sita mwaka jana kusalimia, akalala siku mbili, akaondoka, akaacha mezani kitabu cha kurasa mia mbili na kumi na mbili kinachoitwa *Kiangazi cha Kusubiri*. Kuanzia jioni ile, ungo ukapumzika.

"Basi mwaka ule," Burito akaanza, "nikiwa zamu, kikaingia kimbunga kikabeba mizani pamoja na..."

"Ngoja nimalize ukurasa, baba Ryoba."

Akangoja. Ukurasa ukaisha. Tabitha akafungua mwingine.

Hivyo hivyo wiki ya kwanza, wiki ya pili. Usiku mwingine Burito alifika mpaka mwisho wa kisa, akaua chui kwa kandambili, akageuka kupokea ehe yake, akakuta mkewe anacheka. Hachekei chui. Anachekea karatasi.

Siku Tabitha alipokwenda kusali jumuiya, mzee alijifungia na kile kitabu akakisoma chote, jicho kali, kama anakagua robota lililotiwa mchanga ili lizidi uzito. Tabitha aliporudi alimkuta amekaa wima.

"Mama Ryoba, hiki kitabu kimechanwa."

"Kimechanwa wapi?"

"Kurasa zenye kisa hazimo. Ametuibia Matrida, au na yeye ameibiwa."

"Zimo zote. Ndivyo kilivyo."

"Ndivyo kilivyo! Hebu sikiliza. Kuna msichana anaitwa Nyamburi, kamaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo. Anakaa kwa shangazi yake kando ya ziwa. Ana rafiki watatu. Wanasukana. Wanagombania gauni la njano. Wanapatana. Wanaanika dagaa. Mmoja anaumwa jino kurasa kumi na nne, nikasema sasa tumefika, na jino linapona! Lenyewe! Hata halikung'olewa!"

"Aliweka karafuu," Tabitha akasema.

"Aliweka karafuu! Na matokeo je? Nimevumilia mpaka mwisho nijue amefaulu au amefeli, kitabu kinaisha wamekaa kwenye jiwe wanakula miwa!"

"Eee. Pale pazuri sana."

"Pazuri nini? Kuna mtu mzima ameketi, kapewa karatasi na wino, akaandika habari za miwa!"

"Baba Ryoba, si lazima ukipende. Nipe nimalizie."

"Ulishakimaliza."

"Narudia."

Burito aliposikia neno hilo alijua kwamba hili si jambo la mchezo. Angepokonywa ehe na kitabu cha vita, au cha wachawi, angevua kofia. Lakini kupigwa chini na msichana anayeweka karafuu!

Kesho yake miwani ya Tabitha ikapotea. Walitafuta chini ya kitanda, jikoni, mpaka kwenye banda la kuku. Burito alitafuta kuliko mtu yeyote, akalaumu panya, akalaumu mafundi waliokuja kuziba paa mwaka juzi. Miwani ilikuwa ndani ya buti la mvua la mzee, mguu wa kushoto, imefungwa kwa soksi.

"Sasa nitasomaje?" Tabitha akasikitika.

"Nipo mimi," akasema Burito, mpole kama katekista. "Lete, nitakusomea."

Na akasoma. Siku ya kwanza alisoma kilichoandikwa, kwa mwendo wa dereva anayepita mbele ya trafiki. Siku ya pili alifika ukurasa wa sitini na mbili. Hapo Nyamburi na wenzake wanageuza dagaa juani na kubishana kama shangazi anapaka nywele rangi nyeusi au ndizo zake. Ukurasa mzima, wa mbele na wa nyuma. Burito alivumilia mistari mitatu. Kwenye mstari wa nne alivuta pumzi, akamtoa mamba majini.

"'Mara,'" akasoma, kidole kikiwa juu ya neno *shangazi*, "'maji yakapasuka, akatoka mamba mrefu kama lori la pamba na tela lake, akamdaka yule rafiki mwenye jino...'"

"Ehe!" akasema Tabitha.

Ilimwingia mzee kama uji asubuhi ya mvua. Karibu mwezi na nusu alikuwa hajaisikia. Akamwacha mamba ameze jino na mwenye jino, halafu akamtapisha sura ya sita.

Baada ya hapo hakukuwa na breki. Shangazi akawa binti wa mtemi aliyejificha. Gauni la njano likashonewa dhahabu ya Buhemba kwenye upindo, na jambazi mwenye jicho moja akawa analifuatilia kutoka mwalo mmoja wa wavuvi hadi mwingine. Consolata, mwenyekiti wa jumuiya, alipita kuazima sufuria akasimama mlangoni, akakaa, na sufuria ikasahaulika. Kesho yake alikuja na wenzake wanne. Jioni ya nne walijaa watu arobaini, wengine wamepanda juu ya mipapai ili waone vizuri, na jogoo wa jirani alikataa kuingia bandani.

"Huyu mwandishi ana akili," Consolata alikuwa anasemaga, akitikisa kichwa.

"Ah, wa kawaida tu," Burito alijibu, na shingo ikirefuka.

Sasa ikafika jioni ya saba, na hapo ndipo mzee alipokanyaga pasipokanyagika. Alitaka mandhari. Jambazi amemfukuza Nyamburi mpaka ufukweni, msichana amejitosa, inabidi aokolewe.

"'Mwezi ulikuwa mpevu,'" akasoma kwa sauti ya kanisani, "'umeng'aa ziwa zima kama sinia la shaba. Na mitumbwi mia moja ya dagaa ilikuwa kazini, wavuvi wakiimba na kuvuta nyavu zilizojaa...'"

Wale wanawake, wengi wao wa Makoko, walitazamana. Mmoja alikohoa. Tabitha, aliyekuwa amerudia ungo wake, aliacha mkono hewani na punje ya mchele katikati ya vidole.

"Rudia hapo, baba Ryoba."

Akarudia, taratibu zaidi, akaongeza na mbalamwezi kucheza juu ya mapezi. Alidhani uzuri umewaziba midomo. Mtu wa pamba yule! Miaka yote ameishi na mtoto wa Makoko, amekula dagaa wa kukaanga, wa nazi, wa karanga, na hajawahi kujiuliza wanavuliwaje. Dagaa wanafuata taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu wanatawanyika ziwa zima, hawaioni taa ya mtu, na mitumbwi inavutwa mchangani wavuvi wakalale au wakanywe. Mtoto wa Makoko anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Hakuna aliyemsahihisha. Consolata tu ndiye aliyeuliza, akijifunga kanga, "Mzee, hiki kitabu kinapatikana wapi?"

Angesema hajui. Angesema Nairobi, angesema Ujerumani. Lakini sifa zilikuwa zimempanda kichwani. "Bunda," akasema, "kwa Mashimba, karibu na stendi. Mwambieni ni mimi nimewatuma."

"Vizuri sana. Basi tutaagiza kumi. Jumamosi kila mtu anakuwa na chake, wewe unasoma, sisi tunafuatilia kwa kidole."

Usiku huo mzee aligeuka kitandani mpaka shuka ikatoka. Kulipopambazuka alikuwa ameshavaa koti.

"Unaenda wapi?" Tabitha akauliza.

"Bunda. Mambo ya pensheni."

"Wasalimie," akasema Tabitha, bila kuuliza kina nani.

Mashimba ni rafiki wa Burito tangu enzi za kiwanda. Ana duka la madaftari, kadi za harusi na vitabu vya aina mbili tatu vya kupendezesha rafu. Siku ile, foleni ya watu wanaoulizia kitabu cha mamba ilikuwa imetoka dukani ikavuka barabara kuu ya Mwanza, mabasi yamesimama kuipisha. Burito alipita kwa mabega.

"Vile vitabu, *Kiangazi cha Kusubiri*. Nipe vyote ulivyonavyo, nakuchukulia vyote."

"Vimeisha," akasema Mashimba. "Jana usiku kanigongea kijana wa pikipiki kutoka Musoma, kaniambia kina mamba, kabeba kumi. Nimebaki na hiki changu. Nawe mzee una mambo! Nimekisoma usiku kucha nikimtafuta huyo mamba. Nimefika mwisho, hakuna hata kenge."

"Sasa umeona! Kitabu hakina kitu. Ukakitupa?"

"Nimekianza upya."

"Mashimba! Mtu mwenye akili zako! Kwa nini?"

Mashimba alijikuna kidevu, akaona haya kidogo. "Sijui. Kuna yule shangazi. Anapaka rangi, au ndizo zake?"

"Anapaka!" Burito akafoka, na kabla hajafunga mdomo akajishangaa. "Si anasema ukurasa wa mia na kumi kwamba haendi kuogelea siku ya... Ah! Achana na mimi!"

Alitoka pale amekasirika kuliko alivyoingia. Likabaki tumaini moja, Butiama. Alipanda gari mpaka njia panda, akapanda bodaboda, akafika kwa Matrida saa nane akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Matrida alikuwa anasuuza vibuyu vya maziwa nje.

"Shemeji! Kwema? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nina jambo dogo." Akakaa kwenye kigoda. "Ukimpigia simu mwenzako, mwambie hiki kitabu kina chapa mbili. Chapa ya zamani ina mamba. Hii inayouzwa Bunda wamekata."

Matrida akaweka kibuyu chini. "Umetoka Musoma, umepita Bunda, umekuja mpaka hapa, ili mimi nidanganye?"

"Si kudanganya. Ni kusaidia."

"Kusaidia nani?"

Burito alitafuta uongo wa kujibia, na kwa mara ya kwanza tangu anyonye hakuupata. "Ananiambia ngoja nimalize ukurasa," akasema. "Kila siku. Nasimulia, haitikii. Kitabu cha karafuu na miwa, Matrida! Ningejua kimenishinda kwa nini, ningelala."

Matrida alicheka mpaka ndama wakageuka kumtazama. Halafu akamletea maziwa mgando, akakaa naye.

"Sikiliza shemeji. Mimi na mkeo tulimaliza darasa la saba mwaka mmoja. Tukakaa Makoko kwa mama yake tunasubiri majina ya waliochaguliwa. Miezi mitatu. Tulikuwa tunaanika dagaa, tunasukana, tunagombania viatu vyangu, maana nilikuwaga na viatu. Majina yakaja, yetu hayamo. Yeye mkampeleka Bunda kwa ng'ombe saba, mimi nikaenda kujifunza kuzalisha. Hatukukaa tena pamoja hata wiki moja."

"Hajawahi kuniambia."

"Angekuambia saa ngapi? Wewe si unasimuliaga." Akamwongezea maziwa. "Huyu Nyamburi, majina yake hayatoki. Ukifungua leo, wamekaa kwenye jiwe wanakula miwa. Ukifungua kesho, bado wamekaa. Sasa wewe unaleta mamba."

Burito alikunywa maziwa yakaisha. "Kwa hiyo hutampigia?"

"Nitakuja mwenyewe Jumamosi. Silikosi hilo."

Jumamosi ilifika. Mezani palikuwa na vitabu kumi na moja, vipya kumi na kile cha Tabitha, na mbele ya vitabu walikaa wanawake wamevaa sare za jumuiya kama wamekuja kuzika. Matrida alikaa karibu na mlango, asije mtu akatoroka.

"Tuanze," akasema Consolata. "Ukurasa wa sitini na mbili. Mzee, tuonyeshe mamba."

Burito alivaa miwani yake, akaivua, akaifuta, akaivaa. "Unajua, chapa hizi..."

"Chapa ni moja," Matrida akasema kutoka mlangoni.

"Mimi nimetafuta mpaka kwenye jalada la nyuma," akalalamika mama mmoja. "Na jambazi je? Nilikuwa nimemwombea novena!"

"Na dhahabu kwenye gauni!"

"Gauni lina doa la mawese tu, basi!"

Tabitha akainua mkono, wakanyamaza. Akafungua mkoba wake, akatoa soksi ya kiume, na ndani ya soksi akatoa miwani. Akaivaa polepole, akamtazama mumewe.

"Umeipata wapi?" Burito akauliza, sauti ikimtoka nyembamba.

"Kwenye buti lako, siku ile ile ya pili. Buti moja lilikuwa zito kuliko jingine. Wewe karani wa mizani, ukasahau kusawazisha."

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko.

"Sasa kama ulijua, mbona uliniacha nisome?"

"Nilitaka kuona utafika wapi. Mamba, nikasema sawa, mamba wapo. Jambazi, sawa. Shangazi kuwa binti wa mtemi, nikasema mwacheni, anafurahi, na tangu anioe hajawahi kunikalia karibu hivi. Lakini dagaa, baba Ryoba! Dagaa, mwezi mpevu!" Akasimama. "Ndani ya nyumba yangu! Mbele ya watu wa Makoko! Nilitamani sakafu inimeze. Watu watasema miaka arobaini na mmoja nimemlisha mtu dagaa bila kumfundisha kitu."

"Hapo kweli umetukosea, mzee," Consolata akasema, na ilionekana wazi kwamba hata yule wa novena alikuwa ameshamsamehe jambazi, ila habari ya mwezi hasamehe.

Jumuiya ile ina utaratibu wake. Mtu akiharibu jina la mwenzake kwa maneno, halipi fedha wala sukari. Anakwenda kufanya kazi ya yule aliyemharibia, kwa mikono, mpaka aliyeharibiwa aseme basi. Tabitha bado ana chanja yake ya dagaa Makoko aliyoachiwa na mama yake. Hukumu ilichukua muda mfupi kuliko Baba Yetu. Mzee atakwenda kuanika na kugeuza dagaa pamoja na wanawake, asubuhi tatu. Na akirudi, atakisoma kitabu chote upya, neno kwa neno, watu wakifuatilia kwa kidole.

"Vitabu mtarudisha Bunda?" akauliza Burito, akiwa na tumaini dogo la mwisho. "Maana havina kitu."

Wanawake walivikumbatia vitabu vyao.

"Nirudishe?" yule wa novena akasema. "Sijajua kama jino lilipona."

Basi Jumatatu alfajiri mzee Burito alikuwa Makoko, suruali imekunjwa, kofia ya kiwanda kichwani, ameinamia dagaa. Harufu sitaieleza. Kazi yenyewe ni hii: unamwaga, unatandaza kwa mikono, unasubiri jua, unageuza, unafukuza kunguru, unageuza. Siku ya kwanza alihesabu kila dakika. Wanawake waliongea muda wote na hakuna walichokisema. Habari za harusi ya mtu fulani ambayo pilau lilikuwa bichi. Habari za mkwe wa mtu ambaye anakoroma. Burito aliwadharau kwa moyo wake wote.

Siku ya pili walibishana kama sato wa kukaanga aliwe na ngozi au ivuliwe. Mzee alikaa pembeni. Upumbavu mtupu. Lakini mtu anawezaje kuvua ngozi ya sato, ambayo ndiyo sato mwenyewe? Akasema hivyo kwa sauti ndogo. Consolata akamjibu. Akamjibu Consolata.

Siku ya tatu waliendelea walipoishia, wakahamia kwenye nywele za Flora, mke wa mwenye mtumbwi, kama anapaka rangi au ndizo zake, na Burito akatoa ushahidi kutoka kitabuni, ukurasa wa mia na kumi, kwamba mwanamke asiyeingia majini ana lake jambo. Tabitha alicheka mpaka akakaa chini. Matrida, aliyekuwa amegoma kurudi Butiama, alikaa naye, wakaegemeana. Mzee aliwatazama hao bibi wawili wanavyokula miwa na kutema makapi mchangani, akataka kusimulia kitu, akaona hakuna pa kupenyeza. Akageuza dagaa. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa utosini na dagaa wamekauka, na hakumbuki asubuhi ilikwenda wapi. Hakuna kilichotokea. Hakutokea hata kenge.

"Basi," Tabitha akasema. "Umelipa."

"Kesho mnageuza saa ngapi?" akauliza mzee, halafu akajifanya anakohoa.

Kitabu kimesomwa chote, kidole kwa kidole, na hakikuongezwa hata nukta. Bado ni kitabu kibovu. Mtu yeyote mwenye akili timamu atakuambia kwamba kisa hakina kichwa wala miguu, jino halikung'olewa na matokeo hayakutoka. Juzi jioni Tabitha amevuta ungo, amekaa, amesema, "Haya baba Ryoba, lete yule sangara wa redio." Akajibiwa, "Ngoja nimalize ukurasa."

Nilikuwa nimeishia hapo. Lakini sehemu ya mwisho ya faini ilikuwa kuyaandika haya yote kama yalivyokuwa, na mama Ryoba ameyapitia kwa kalamu nyekundu, miwani ipo puani. Anasema watu hawakuwa arobaini, walikuwa kumi na mmoja, na mipapai hatuna. Foleni ya Mashimba haikuvuka barabara, Mashimba alikuwa amelala juu ya kaunta. Kwenye mizani nilikosea, mwaka wa tisini na mbili, kilo themanini, na yeye ndiye aliyenililia kwa meneja. Jogoo wa jirani alilala mapema kama kawaida.

Halafu amepigia mstari jina la mzee Burito, kila lilipo, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akaandika pembeni: *Huyu ni nani? Andika mimi.*

Sawa. Ni mimi. Na jogoo niliyemwahidi pale juu nimeshamchinja, yuko jikoni. Wanakula Matrida na mwenzake.